Cheti Ndani ya Simu: Nani Anakihitaji na Nani Abebe Mzigo Wake

Kosa namba 400 huwachanganya watumiaji wengi wa simu janja. Mfanyakazi anafungua mfumo wa ofisi yake kwa kivinjari cha simu. Mtandao uko vizuri, bando lipo, anwani ameiandika sawasawa, lakini seva inamrudishia ukurasa mweupe wenye mstari mmoja: cheti kinachotakiwa hakikutumwa. Mfumo huohuo kwenye kompyuta ya mezani unafunguka. Anajaribu kivinjari kingine, kinamletea kidirisha cha kuchagua cheti, na orodha haina kitu. Mwisho anaambiwa atafute kompyuta.

Maswali yanayofuata hapo ni ya haki. Kasoro ni ya simu, ya kivinjari au ya mfumo? Cheti kinachotajwa ndicho kile cha alama ya kufuli inayoonekana karibu na anwani ya tovuti? Na je, vivinjari vya simu viongezewe uwezo wa kutumia vyeti hivyo, au itafutwe njia nyingine ya kumtambua mtumiaji?

Mkoani Tanga maswali haya yanagusa riziki za watu. Bandari imepanuliwa, bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, na barabara ya kilomita 65 inaunganisha jiji na mpaka wa Horohoro. Wakala wa forodha anayefuatilia mzigo hana meza moja ya kukalia. Ofisi yake kwa siku nzima inaweza kuwa simu.

Vyeti viwili, kazi mbili

Kila tovuti yenye alama ya kufuli ina cheti chake. Cheti hicho kinamhakikishia mtumiaji kwamba anazungumza na seva halisi ya benki au ya Mamlaka ya Mapato, na kwamba hakuna tapeli aliyejipenyeza katikati. Cheti cha mtumiaji kinafanya kazi ya upande wa pili: kinaihakikishia seva kwamba anayebisha hodi ni mtu fulani wa ofisi fulani. Kinafanana na kitambulisho cha NIDA kwa jambo moja kubwa, kwamba thamani yake inatokana na mamlaka iliyokitoa na kukitia saini.

Ndani ya simu, cheti huambatana na ufunguo binafsi. Kivinjari kinapoanza mazungumzo na seva kwa itifaki ya TLS, seva inaomba cheti. Kivinjari kinakituma, kisha kinayatia saini mazungumzo hayo kwa ufunguo binafsi, na seva inaikagua saini kwa kutumia ufunguo wa umma ulioandikwa ndani ya cheti. Ufunguo binafsi hauondoki kwenye simu, na saini iliyotolewa haifai kwa mazungumzo mengine yoyote. Hapo ndipo penye nguvu yake. Tovuti bandia inaweza kumlaghai mtu akaiandikia nywila, au akaitajia namba za uthibitisho zilizokuja kwa SMS. Ufunguo binafsi haiwezi kuupata, kwa sababu hakuna hatua yoyote ambayo mtumiaji huuandika au kuutuma.

Teknolojia hii si ngeni. Kiwango cha vyeti cha X.509 kilitolewa mwaka 1988, na itifaki ya SSL, iliyoitangulia TLS, iliruhusu cheti cha mtumiaji tangu miaka ya 1990. Kompyuta za mezani zimeizoea muda mrefu. Simu ndiyo iliyochelewa, na kuchelewa huko kuna sababu zake.

Kwa nini simu ilibaki nyuma

Sababu ya kwanza ni mahali funguo zinapohifadhiwa. Android ilipata hifadhi ya pamoja ya vyeti inayoweza kufikiwa na programu mbalimbali kuanzia toleo la 4.0 la mwaka 2011. Kuanzia toleo la 5.0 la mwaka 2014, hata programu zinazoonyesha kurasa za wavuti ndani yake ziliweza kupokea ombi la cheti kutoka kwa seva na kulijibu. Chrome ilifaidika na hifadhi hiyo. Firefox hutumia maktaba yake yenyewe ya usalama, na kuiunganisha na hifadhi ya Android kulihitaji daraja la ziada, jambo ambalo watumiaji waliliomba kwa miaka mingi. Kwenye iPhone, cheti kilichowekwa kwa wasifu wa mfumo hutumiwa na Safari na programu za Apple kama ya barua pepe, lakini vivinjari vya kampuni nyingine haviwezi kukifikia. Ndiyo maana mtu mmoja anafanikiwa kwa kivinjari hiki na kukwama kwa kile, kwenye simu ileile.

Sababu ya pili inawagusa sana watumiaji wa Afrika Mashariki. Opera Mini ilipendwa huku kwa sababu inabana matumizi ya bando. Katika hali yake ya kubana kupita kiasi, ukurasa hupakiwa kwanza na seva za Opera, ukapunguzwa, kisha ukatumwa kwenye simu. Anayezungumza na tovuti hapo ni seva ya Opera. Saini ya cheti cha mtumiaji inahitaji mazungumzo ya moja kwa moja kati ya simu na tovuti, kwa hiyo katika hali hiyo haiwezekani kabisa, hata wahandisi wangejitahidi vipi. Nafuu ya bando na uhakika wa cheti haviwezi kupatikana kwa mpigo mmoja.

Sababu ya tatu ni kwamba wavuti wenyewe ulianza kuvipa vyeti hivi kisogo. Zamani ukurasa uliweza kukiagiza kivinjari kitengeneze jozi ya funguo na kuomba cheti papo hapo. Chrome iliondoa uwezo huo mwaka 2017, Firefox ikafuata mwaka 2019. Nayo itifaki ya HTTP/2, iliyotolewa mwaka 2015, ilipiga marufuku utaratibu wa zamani wa kuomba cheti katikati ya mazungumzo, pale mtumiaji anapofika sehemu nyeti ya tovuti. Waliojenga mifumo kwa mtindo huo walijikuta wanalazimika kuomba cheti mlangoni, kabla mgeni hajaona hata ukurasa wa maelezo.

Pwani ya kaskazini inaingiaje

Bandari ya Tanga ilizoeleka kwa meli kutia nanga mbali na gati na mizigo kuletwa kwa matishari. Mradi wa shilingi bilioni 429.1 uliongeza kina kutoka mita 3 hadi mita 13 na kutengeneza gati zenye urefu wa mita 450, na meli sasa zinafunga moja kwa moja. Mzigo ukishuka haraka, nyaraka nazo zinatakiwa kwenda haraka. Tamko la forodha hupitia mfumo wa TANCIS, uliojengwa kwa kufuata mfumo wa forodha wa Korea Kusini. Katika kazi ya namna hiyo, swali la nani ametuma tamko lina uzito wa kisheria: likiwa la uongo, lazima ijulikane limetoka mkononi mwa nani. Nywila inayoazimwa kati ya wafanyakazi ofisini haiwezi kulijibu swali hilo.

Wakati huohuo, saini za kidijitali tayari zinafanya kazi katika maisha ya kila siku bila watu kuziona. Anayelipia bili ya maji jijini Tanga kwa kontro namba anapitia mfumo wa GePG, ulioanza mwaka 2017. Ujumbe unaokwenda na kurudi kati ya mfumo wa taasisi na GePG hutiwa saini kwa ufunguo binafsi wa anayeutuma. Utaratibu huo umeweza kudumu kwa sababu pande zote mbili ni seva zenye wataalamu wa kuzitunza. Kinachobishaniwa ni kuushusha utaratibu wa namna hiyo hadi kwenye simu ya mtu mmoja mmoja.

Sheria nayo haiko mbali. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, Namba 13 ya mwaka 2015, inazitambua saini za kielektroniki na watoa huduma za vyeti. Msingi wa kisheria upo. Kazi iliyobaki ni ya utekelezaji.

Msimamo wa kwanza: kila kivinjari kipewe uwezo huo

Wanaoshikilia msimamo huu wana hoja nzito. Kiwango ni cha wazi, hakimilikiwi na kampuni moja, na seva nyingi tayari zinakielewa. Cheti kinabeba jina na cheo kama kilivyothibitishwa na taasisi. Tena, mtu asiye na cheti hafiki hata kwenye ukurasa wa kuingilia, hivyo wanaojaribu nywila kwa kubahatisha wanaishia mlangoni.

Udhaifu unaonekana siku ya kukiweka cheti kwenye simu. Chukua simu ya Android 11 au toleo jipya zaidi. Mtumiaji anapokea faili lenye kiambishi cha p12, mara nyingi kwa barua pepe au WhatsApp, pamoja na nywila ya kulifungua. Anaingia kwenye mipangilio ya usalama, anatakiwa awe na kifungio cha skrini, kisha anakuta machaguo matatu: cheti cha mamlaka, cheti cha VPN na programu, na cheti cha Wi-Fi. Anachotakiwa kuchagua ni cha pili. Akibonyeza cha kwanza, simu inamwonya kwamba taarifa zake zinaweza kuchunguzwa, na onyo hilo ni la kweli, kwa sababu anayekubaliwa kama mamlaka ya vyeti kwenye simu anaweza kujifanya tovuti yoyote. Mwaka 2019 serikali ya Kazakhstan ilipowataka wananchi waweke cheti cha namna hiyo, Google, Mozilla na Apple walikizuia kwenye vivinjari vyao. Kuwafundisha watu wabonyeze bila kuuliza pale wanapoambiwa waweke cheti ni kuwafungulia matapeli njia mpya.

Faili hilo nalo linabaki kwenye WhatsApp. Likibaki na nywila yake kando, ufunguo binafsi umeshakuwa na nakala, na ile sifa ya kutoondoka kwenye simu imekwisha.

Korea Kusini imeupitia msimamo huu kwa ukubwa kuliko nchi nyingi. Kwa Sheria ya Saini za Kidijitali ya mwaka 1999 ilieneza vyeti kwa wananchi wa kawaida, wakavitumia benki na kwenye ununuzi wa mtandaoni. Kwa kuwa vivinjari vya wakati ule havikuwa na uwezo uliotakiwa, kazi ilifanywa na programu za nyongeza za ActiveX, na nchi nzima ikafungwa kwenye Internet Explorer kwa miaka mingi. Vyeti vilihifadhiwa kama mafaili yanayonakilika hadi kwenye flashi, na wezi wakayalenga. Mwaka 2014 rais wa wakati huo, Park Geun-hye, alilalamika hadharani kwamba wageni wanashindwa kununua bidhaa kwenye tovuti za Korea kwa ajili ya vikwazo hivyo. Hadhi ya pekee ya vyeti hivyo ilifutwa kisheria Desemba 2020.

Estonia ilikwenda kwa njia nyingine. Cheti kiliwekwa ndani ya kadi ya kitambulisho tangu mwaka 2002, na ufunguo haunakiliki. Tatizo likawa kisomeo cha kadi, ambacho simu haina, ndipo mwaka 2007 ikaja huduma inayotumia laini maalumu ya simu. Mwaka 2017 ilipogundulika kasoro katika chipu za kadi takribani 750,000, serikali ilisitisha vyeti vyake na kuwawezesha wananchi kuvihuisha kwa mtandao. Estonia ilinusurika kwa sababu ilikuwa na taasisi yenye uwezo wa kubadilisha funguo kwa maelfu ndani ya muda mfupi.

Msimamo wa pili: nywila na SMS zinatosha

Msimamo huu una nguvu ya mazoea. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 ilifanya kazi kwenye kitochi kama inavyofanya kwenye simu janja, bila kivinjari na bila bando. Namba za uthibitisho kwa SMS hazihitaji mafunzo, na mtu akinunua simu mpya anahamisha laini tu.

Lakini uhakika wote umewekwa kwenye laini, na laini inaweza kuhamishwa na tapeli anayejifanya mwenye laini mbele ya wakala. Usajili wa laini kwa alama za vidole, uliofikia ukomo wake Januari 2020, umepunguza mwanya huo bila kuuziba. Miongozo ya taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliziwekea namba za SMS masharti mwaka 2017. Na hata laini ikiwa salama, mtu anaweza kulaghaiwa akazitaja namba mwenyewe. Nchi inayopambana na ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”, kiasi cha mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kuweka namba 15040 ya kuripoti, haina haja ya kushawishiwa kuhusu hatari hiyo. Kwa malipo madogo, urahisi unaweza kushinda hatari. Kwa tamko la forodha au jalada la mgonjwa, hapana.

Msimamo wa tatu: taasisi itengeneze programu yake

Baadhi ya taasisi hukiacha kivinjari na kutengeneza programu ya simu yenye cheti ndani yake, au humtaka mtumishi apite kwanza kwenye VPN. Faida ni kwamba taasisi inadhibiti kila hatua, na mtumishi haulizwi achague cheti.

Gharama hujitokeza baadaye. Programu inahitaji toleo la Android na la iPhone, na kila toleo linahitaji kutunzwa. Wakala wa Tanga anayehudumiwa na forodha, bandari, taasisi ya viwango na benki atajaza simu yake programu nne, kila moja ikidai nafasi na masasisho. Kwenye simu yenye hifadhi ndogo, programu ya kwanza kufutwa ni ile isiyotumika kila siku. Vibaya zaidi, mtengenezaji asiye makini anaweza kuweka cheti kimoja kwa watumiaji wote, na hapo cheti hakimtambulishi mtu yeyote.

Msimamo wa nne: funguo za siri za WebAuthn

Kiwango cha WebAuthn kiliidhinishwa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, Machi 2019, na mwaka 2022 Apple, Google na Microsoft zilitangaza kwa pamoja kuziunga mkono funguo za siri (passkeys) zinazojengwa juu yake. Hesabu za ndani zinafanana na za cheti: ufunguo binafsi unabaki kwa mtumiaji, seva ina ufunguo wa umma, na ufunguo umefungwa kwenye anwani ya tovuti husika, hivyo tovuti bandia haipati kitu. Mtumiaji anagusa kihisi cha alama ya kidole, basi. Hakuna faili la kutumwa wala mipangilio ya kuhangaika nayo.

Mapungufu yapo. Ufunguo wa siri hausemi jina la mtu. Unasema tu kwamba aliyerudi leo ndiye aliyejisajili jana. Kumthibitisha siku ya kwanza kunabaki kuwa kazi ya taasisi. Aidha, kwenye simu nyingi funguo hizi hunakiliwa kwenye akaunti ya Google au ya Apple ili zisipotee. Pale ambapo akaunti ya Google ilifunguliwa na muuza simu dukani, na mwenye simu haijui hata nywila yake, usalama wa ufunguo umesimama juu ya msingi usiojulikana. Na simu yenye Android ya zamani kuliko toleo la 9 haihesabiki katika mpango huu.

Kupima faida na mzigo

Ukiiweka misimamo yote mezani, kinachotofautisha zaidi ni nani anabeba mzigo pale mambo yanapoharibika. Simu inapotea, inaibiwa, inauzwa, au inapelekwa kwa fundi mtaani Ngamiani na kurudi imefutwa kila kitu. Kwa nywila, mzigo ni wa mtumiaji: abadilishe. Kwa cheti, mzigo ni wa aliyekitoa: akifute cha zamani mara moja, amhakiki mhusika upya, ampe kipya. Kama mtoaji yuko Dar es Salaam peke yake, takribani kilomita 350 kutoka Tanga, mfanyakazi wa Pangani au Mkinga atakaa bila kazi kwa siku kadhaa kila simu yake inapoharibika. Njia ya mkato itakuwa kuazima simu na cheti cha mwenzake, na sababu ya kuwa na cheti itakuwa imetoweka.

Mzigo huo hauwezi kukabidhiwa watoa vyeti wa bure wa mtandaoni. Let's Encrypt ilitangaza mwaka 2025 kwamba vyeti vyake vitaacha kubeba ruhusa ya kumtambulisha mtumiaji kuanzia mwaka 2026, kutokana na masharti mapya ya Chrome kwa mamlaka za vyeti. Anayetaka vyeti vya watumiaji itabidi awe na mamlaka yake ya ndani, pamoja na watu wa kuiendesha.

Kwa hiyo hoja ya kukiongezea kivinjari uwezo huu ina nguvu pale penye taasisi nyuma ya simu: forodha, bandari, tawi la benki, hospitali ya rufaa kama Bombo. Huko kazi ifanywe kikamilifu. Kivinjari kitumie hifadhi ya mfumo wa simu badala ya kujiwekea yake. Ufunguo uzaliwe ndani ya simu yenyewe na kusajiliwa kwa itifaki kama SCEP au EST kupitia mfumo wa kusimamia simu za kazini, faili la p12 lisizunguke kwenye WhatsApp. Seva isanidiwe kuomba cheti bila kukilazimisha, ili asiyekuwa nacho apate ukurasa wa Kiswahili unaomwelekeza la kufanya badala ya kosa namba 400. Na TLS 1.3, iliyotolewa mwaka 2018, itumike, kwa kuwa katika matoleo yaliyotangulia cheti husafiri wazi, na mwenye Wi-Fi ya mgahawa anaweza kusoma jina la mtumishi na la ofisi yake. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, uvujaji wa namna hiyo umekuwa suala la kisheria pia.

Kwa mwananchi anayelipa bili au kuomba kibali, hesabu ni nyingine. Hana kitengo cha TEHAMA cha kumsaidia, na hapaswi kulazimika kujua tofauti kati ya cheti cha mamlaka na cha programu. Funguo za siri zinampa karibu kinga yote ya cheti bila usumbufu wake, na mwenye kitochi anabaki na menyu ya USSD.

Kwa muhtasari

Cheti cha mtumiaji ni kinga imara dhidi ya wizi wa nywila na tovuti bandia, na vivinjari vya simu vilichelewa kukipokea kwa sababu ya hifadhi za funguo, vivinjari vinavyopitisha kurasa kwenye seva za kati, na mabadiliko ya wavuti wenyewe. Nywila na SMS ni nyepesi lakini zinaibika. Programu maalumu hudhibitika lakini ni ghali kutunza. Funguo za siri ni rahisi na salama, ila hazithibitishi jina wala cheo.

Mgawanyo unaopendekezwa hapa ni wa vyeti kwa watumishi na mawakala wenye dhamana ya kisheria, funguo za siri kwa umma wenye simu janja, na USSD kwa miamala midogo ya kitochi. Sharti la sehemu ya kwanza ni kuwepo kwa dawati la vyeti Tanga na Horohoro, lenye mamlaka ya kufuta cheti na kutoa kingine siku hiyohiyo. Bila dawati hilo, ni afadhali taasisi ianze na funguo za siri na kuahirisha vyeti hadi itakapoweza kuvihudumia.